Deka ya Watoto: Pima Kabla Hujalipa

Nazungumza na mzazi mwenye watoto wawili, watatu au wanne, na chumba kimoja cha kuwalaza. Nazungumza pia na bibi anayelea wajukuu, na shangazi aliyepokea watoto wa kaka yake waje mjini kusoma, na fundi anayewatengenezea vitanda. Jambo letu ni kitanda cha ghorofa, kile ambacho wengi wetu tunakiita deka.

Tuanze na hesabu ya chumba. Katika nyumba nyingi za kupanga, chumba ni futi 10 kwa 10, yaani futi za mraba 100. Kitanda cha futi 3 kwa 6 kinakula futi 18. Ukiweka viwili, futi 36 zimekwenda, zaidi ya theluthi ya chumba, na hapo bado hujaweka kabati, meza ya kuandikia, wala nafasi ya mlango kufunguka. Pandisha kitanda kimoja juu ya kingine, futi 18 zinarudi sakafuni. Mkubwa anapata mahali pa kukaa ajisomee, na mdogo anapata mahali pa kuchezea. Kwa hiyo mzazi anayenunua deka hafuati mitindo. Ana sababu ya msingi kabisa.

Ninachotaka kukwambia leo ni hiki: usalama wa deka umo katika vipimo, na vipimo hivyo anapaswa kuvitoa mzazi kabla fundi hajakata mbao. Ukingoja kitanda kifike nyumbani ndipo uanze kuwakaripia watoto wasirukeruke, umechelewa. Mtoto huanguka usingizini vilevile, na aliyelala hasikii onyo la mtu.

Wengi wetu deka tulikutana nayo bwenini. Ilikuwa ya bomba za chuma zilizochomelewa, na kule juu pembeni kulikuwa na kibomba kimoja chembamba, pengine hapakuwa na kitu kabisa. Aliyelala juu alikuwa kijana wa miaka 14 na kuendelea. Sasa umbo lilelile limeingia majumbani. Mzazi anapita karakana, anaziona deka za shule zimepangwa barabarani, anamwambia fundi, "Nitengenezee kama hiyo." Fundi anatengeneza kama hiyo. Atakayepanda juu ni mtoto wa miaka minne. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Mwaka 2008 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti juu ya watu walioumizwa na vitanda vya ghorofa nchini humo, kuanzia mwaka 1990 hadi 2005. Watafiti walikadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 36,000 walitibiwa katika idara za dharura za hospitali. Karibu robo tatu ya majeraha hayo yalitokana na kuanguka. Na takriban nusu ya walioumia walikuwa hawajatimiza miaka 6.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni umri. Mtoto wa chini ya miaka 6 halali juu. Kanuni za Marekani na maelekezo ya Ulaya yanakubaliana katika hilo, na sababu zake ziko wazi. Mtoto mdogo ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake, hivyo akianguka kichwa hutangulia. Usiku anapoamka kwenda msalani, macho yana usingizi na miguu haijazoea ngazi. Na mwili wake mwembamba hupenya mahali ambapo mwili wa kaka yake haupenyi. Mwingine wa kulala chini, hata kama ni mkubwa, ni mtoto mwenye kifafa, anayetembea usingizini, au ambaye leo ana homa kali. Usione haya kumshusha. Mtoto akiugua, mpangilio wa kulala ubadilike usiku uleule.

Kipimo cha pili ndicho ninachokuomba ukikariri, kwa sababu ndicho kinachokosewa zaidi. Nacho ni kimo cha ukingo wa kitanda cha juu.

Tuseme uko Keko, Dar es Salaam, ambako vitanda na makabati hupangwa nje ya karakana hadi kando ya barabara. Umeona deka nzuri ya mbao, imepigwa msasa vizuri, inang'aa. Unauliza, "Fundi, ukingo huu una inchi ngapi?" Fundi anajibu kwa uaminifu, "Kumi, mama." Usiishie hapo. Uliza tena, "Kumi kutoka wapi?" Mara nyingi ni kumi kutoka kwenye chaga. Lakini mtoto wako halali juu ya chaga, analala juu ya godoro. Ukiweka godoro la inchi 4, ukingo unabaki inchi 6. Ukiweka la inchi 6, unabaki inchi 4. Na ukitaka kumfurahisha mtoto kwa godoro nene la inchi 8, ukingo wote uliobaki ni inchi 2. Mtoto akigeuka usingizini anaupita ukingo huo bila hata kuamka.

Kanuni za Marekani, zilizoanza kutumika mwaka 2000, zinataka ukingo uzidi uso wa godoro kwa inchi 5 au zaidi. Kiwango cha Ulaya, EN 747, kinataka sentimeta 16, ambazo ni zaidi kidogo ya inchi 6. Sisi tuchukue kilicho salama zaidi. Chukua unene wa godoro, jumlisha inchi 6 na nusu, na jumla hiyo ndiyo kimo cha ukingo kutoka kwenye chaga. Godoro la inchi 4 linataka ukingo wa inchi 10 na nusu. Godoro la inchi 6 linataka ukingo wa inchi 12 na nusu. Kwa kitanda cha juu, godoro jembamba lililo gumu kiasi ndilo linalofaa. Lile nene liweke chini.

Na kuna jambo dogo ambalo kiwango hicho cha Ulaya kinamtaka mtengenezaji alifanye: aweke alama kitandani inayoonyesha mwisho wa kimo cha godoro. Mwambie fundi wako naye aipige, mstari mmoja tu, kwa ndani ya kitakizo. Miaka michache ijayo godoro litabonyea, utakwenda dukani kununua jingine, na muuzaji atakusifia lile nene. Mstari ule ndio utakaokurudisha kwenye kipimo.

Tukitoka kwenye kimo, tuangalie mianya. Watu wengi hufikiri hatari ya deka ni kuanguka peke yake. Iko nyingine, nayo haina kishindo. Mtoto mdogo huteleza usingizini, miguu inatangulia katika uwazi ulio kati ya ukingo na mfumbati, kiwiliwili kinapita, kichwa hakipiti. Anabaki ananing'inia kwa shingo au kidevu, na hawezi kulia kwa sauti. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinataka mwanya wowote kwenye kingo za juu uwe mdogo kiasi kwamba kiwiliwili cha mtoto kisipenye, yaani usifikie inchi 3 na nusu. Kagua hivi: omba kipande cha mbao chenye upana wa inchi 3 na nusu, kijaribishe kila mahali penye uwazi kule juu. Kikipita, papunguzwe. Fundi ataongeza ubao mmoja au bomba moja, kazi ya muda mfupi.

Upande wa ukutani nao una ukingo wake. Mafundi wengi huuacha wazi ili kuokoa mbao, wakisema ukuta utamzuia mtoto. Ukuta haumzuii. Kitanda husogea kidogo kidogo kila mtoto anapopanda na kushuka, hata nafasi ya kumnasa ipatikane kati ya godoro na ukuta. Kanuni nilizozitaja zinadai ukingo pande zote mbili, na ule wa ukutani uende moja kwa moja kutoka kitakizo hadi kitakizo. Upande wa ngazi unaruhusiwa uwazi wa kupandia, lakini usizidi inchi 15.

Na godoro lilingane na kitanda. Usichukue kitanda cha futi 3 ukaweka godoro la futi 2 na nusu kwa sababu lilikuwapo nyumbani. Pengo linalobaki ni la inchi 6, na pengo hilo ndilo mtego uleule tuliokwisha kuuzungumzia.

Sasa tuje kwenye ngazi. Ngazi ya kuegesha, ambayo mtoto anaweza kuibandua, haifai. Ifungwe kwa bolti na nati mahali pake. Vidato viwe bapa na vipana, visiwe bomba la mviringo linalouma wayo na kuteleza mtoto anapotoka kuoga. Umbali kati ya kidato na kidato uwe sawa, kutoka chini hadi juu, kwa sababu gizani mguu hupanda kwa mazoea. Na pawe na mahali pa kushika pale juu kabisa, mtoto anapogeuka kutoka ngazini kuingia kitandani. Hapo ndipo mwili unapoyumba.

Kitanda cha juu kinabebwa na chaga, na chaga ikichomoka, anayeumia zaidi ni yule wa chini. Inua godoro uangalie. Chaga ziwe zimekazwa kwa skrubu, kila moja ncha zote mbili, zisiwe zimelazwa tu juu ya kishikizo. Ziwe karibu karibu, ziwe za mbao kavu isiyo na nundu kubwa wala ufa. Kuhusu viungo, misumari peke yake haitoshi kwenye deka. Deka hutikiswa kila siku, na msumari unaotikiswa hulegea. Dai bolti kwenye kila kona inayokutanisha tendegu na mfumbati. Kama ni ya chuma, pitisha kiganja polepole mahali palipochomelewa. Ukisikia ncha, fundi arudishe grenda. Nyumba za pwani ziangalie kutu, hasa pale mabomba yanapoungana. Na ukipaka rangi, uliza rangi isiyo na madini ya risasi, maana watoto hutafuna kingo za vitanda.

Kisha jaribu. Mwambie fundi apande juu, alale, ajigeuze. Wewe shika tendegu. Kitanda kikiyumba au kikilia, bado hakijakamilika. Fundi mwenye kuiamini kazi yake hatakataa kupanda.

Kitanda kimepimwa, kimefika nyumbani. Sasa chumba nacho kipimwe. Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu joto la Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar limetuletea hatari nyingine. Ni pangaboi.

Chukua chumba chetu cha futi 10 kwa 10. Pangaboi limefungwa katikati ya dari, inchi 60 kutoka ukutani. Lile la kawaida lenye upana wa inchi 56 lina panga zinazofika inchi 28 kutoka katikati. Toa 28 kwenye 60, inabaki 32. Maana yake, ncha za panga zinapita inchi 32 kutoka ukutani. Na deka yako ya futi 3, uliyoisogeza vizuri ukutani na kuiegemeza pembeni, ina upana wa inchi 36. Panga zinazunguka juu ya kitanda cha mtoto, ndani ya ukingo, kwa inchi 4. Mtoto akisimama kitandani kutandika shuka, akinyoosha mkono kuvaa fulana, akirusha mto, anakutana nazo. Kwa chumba cha ukubwa huo, jibu ni moja: deka ikiingia, pangaboi litoke. Funga feni ya ukutani, mahali ambapo mkono wa mtoto aliye juu haufiki. Kama fedha ya feni ya ukutani haijapatikana, deka isubiri.

Pima pia kutoka godoro la juu hadi darini. Acha futi 3 walau, mtoto aweze kuketi bila kugonga kichwa. Na kama nyumba ni ya bati tupu bila dari, jua kwamba joto lote la mchana linakaa kule juu. Anayelala pale saa mbili usiku anatokwa jasho wakati wa chini ameshasinzia. Fungua matundu ya hewa juu ya ukuta kwanza. Usiweke kitanda cha juu kando ya dirisha linaloweza kufunguka bila kizuizi, hasa ukiwa unaishi ghorofani.

Halafu kuna chandarua. Malaria haichagui ghorofa, na mbu anapanda. Kila mtoto awe na chandarua chake. Cha pembe nne ndicho kinachokaa vizuri kwenye deka. Cha chini kifungwe kwenye fremu ya kitanda cha juu, cha juu kifungwe darini, vyote vichomekwe chini ya godoro. Nina mawili ya kusisitiza. La kwanza, kamba ziwe fupi na zikatwe mabaki yake, kwa sababu kamba inayoning'inia kitandani inaweza kumzunguka mtoto shingoni. Kwa sababu hiyohiyo, mikanda, mitandio na mikoba ya shule isitundikwe kwenye ukingo. La pili, chandarua si ukingo. Wapo wazazi wanaoamini kwamba kikichomekwa vizuri kitamshika mtoto asianguke. Chandarua ni uzi. Uzito wa mtoto unakichomoa au kukichana, mtoto yuko chini.

Neno juu ya moto. Mshumaa na kibatari visiwashwe kitanda cha chini, kwa sababu juu yake kuna godoro la sponji, na sponji inashika moto haraka na kutoa moshi wa sumu. Umeme ukikatika, tumia taa ya sola. Simu isichajiwe chini ya mto. Na ile nafasi uliyoipata sakafuni usiijaze mizigo hadi mlango usifunguke wote. Mwaka 2008 Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, korido isiyopungua mita 2, milango inayofunguka kwa nje, na madirisha ya bweni yasiyo na nondo. Septemba 2024, moto katika bweni la Hillside Endarasha Academy, kaunti ya Nyeri, uliua wavulana 21. Sisemi vitanda ndivyo vilivyowasha moto. Nasema kwamba nafasi inayookolewa na deka ni ya watoto kupita. Haikuokolewa ili tuwaongeze wengine, wala kwa ajili ya masanduku.

Je, kama watoto wako wote wawili wako chini ya miaka 6? Basi usinunue deka sasa. Mwambie fundi akutengenezee kitanda cha kawaida chenye kitanda kingine kifupi chini yake, chenye magurudumu, kinachovutwa usiku na kusukumwa ndani asubuhi. Mchana kinakula futi 18 zilezile, na akianguka mtoto, anaanguka kutoka kimo cha goti. Wakikua, utarudi kwa fundi kwa ajili ya deka. Na ukinunua deka iliyokwisha kutumika, au iliyotoka nje ikiwa vipandevipande, hesabu bolti zote kabla hujaondoka nayo. Bolti iliyopotea isizibwe kwa waya.

Nimalizie na ombi kwa makundi matatu. Walimu wa useremala na uchomeleaji katika vyuo vya VETA na vyuo vingine vya ufundi, wafundisheni vijana vipimo hivi pamoja na namna ya kuunga mbao, ili fundi amkumbushe mzazi hata kama mzazi hakuuliza. Mafundi wetu wa Keko, wa Gikomba jijini Nairobi, na wa kila mtaa, ukingo wa pili na ubao mmoja wa ziada vinaongeza gharama kidogo. Mwelezeni mteja kwa nini, wala msikubali kuviondoa ili bei ishuke. Na wewe mzazi mwenzangu, usimbane fundi bei hadi apunguze ukingo. Bana kwenye nakshi, kwenye droo, kwenye kioo, lakini ukingo uache.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Mtoto kuanguka kutoka kitandani kwake ni ajali yenye kinga, na kinga yake inajulikana kwa inchi. Chukua futikamba jioni hii, ingia chumba cha watoto, pima kutoka juu ya godoro hadi juu ya ukingo. Ukikuta pungufu ya inchi 6 na nusu, mtoto asilale juu leo. Atandikiwe chini hadi fundi apite.